Sala Ndefu kwa Mbwa wa Mama Robi

Kanisani kwetu wananilalamikia kwamba sala zangu ni ndefu. Juzi nilimshukuru Mungu kwa urefu huo, ingawa kwa aibu.

Mimi ni mzee wa kanisa, na pia daktari wa mifugo wa siku nyingi. Mama Robi, mjane wa kijiji cha Itiryo, aliniita nimshone mbwa wake aliyeng'atwa na fisi akilinda ndama. Mama huyo hana mlinzi mwingine. Nikamchoma mbwa sindano ya usingizi, nikamshona vizuri, kisha nikaweka kifuani pake kipimo cha kusikilizia moyo. Kimya. Nikakisogeza huku na huku. Kimya kabisa.

"Jipe moyo, mama," nikasema. "Ametutoka."

Mama Robi akakaa chini akalia. Jirani yake, Marwa, akachukua jembe akachimba kaburi nyuma ya zizi. Nami, badala ya kupima tena, nikavua kofia nikaanza kuomba. Nikashukuru kwa uaminifu wa kiumbe yule, kwa ndama aliowaokoa, kwa mvua. Marwa akamaliza shimo, akakohoa. Nikaendelea kuwaombea wagonjwa wa kijiji kizima.

"Daktari," Mama Robi akaninong'oneza.

"Subiri, mama, nakaribia amina."

"Usimalize, baba. Endelea kuomba. Marehemu ananilamba mguu."

Nikafumbua macho, nikakishika kile kipimo. Kile kisahani chake cha kuwekwa kifuani kilikuwa kimegeuka. Muda wote nilisikiliza kwa upande uliofungwa. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, safari hii kwa ufupi.

Marwa akaegemea jembe lake. "Mzee wa kanisa, sasa shimo hili aingie nani?"