Shemeji Aliponikagua Meno

Mume wa dada yangu ana kazi ambayo dada haitaji mbele ya wageni: anakusanya ndege na wanyama wa msituni kwa ajili ya makumbusho. Anawachuna, anawajaza pamba, anawafunga kikaratasi mguuni. Mtu wa kushuku huyo! Sukari ikipungua kikombeni, anamtazama mama yake mzazi. Safari ya mlimani alinichukua nimpikie, maana katika ukoo wetu hakuna anayekoka moto kwa kuni mbichi kama mimi. Muulize yeyote, ila dada usimuulize.

Asubuhi mitego ilitupa panya wawili na sange, yule mwenye pua kama mrija. Halafu, ndani ya ukungu, shemeji akafyatua marisau, zile punje ndogo za risasi zisizoharibu manyoya. Akaanguka chozi, yule kindege mfyonza maua, mwenye kifua cha rangi ya kutu. Shemeji akapiga magoti. Mkuu wake alishamwambia waziwazi kwamba chozi wa aina hiyo hayupo mlima ule. Alete ngozi yake, la sivyo ni mwongo, na safari zake zimekwisha.

Kwa kawaida ndege akianguka, shemeji humbana kifua kwa vidole kuhakikisha amekata roho. Huyu hakumbana, aliogopa kumvuruga manyoya. Alimziba mdomo kwa pamba, akamsokota ndani ya karatasi kama karanga za kuuza, akamlaza kwenye meza hemani, akaenda kunawa mtoni.

Aliporudi, karatasi ilikuwa tupu.

"Shemeji," akaniita, kwa upole wa kutisha. "Sufuria hiyo ina nini?"

"Maharage."

"Na nini?"

"Na maji, mheshimiwa."

Akakoroga mwenyewe. Akanusa mwiko. "Hebu fungua mdomo nikuone meno."

Mimi, mjomba wa watu wazima, nikaachama! Akapekua begi langu mpaka soksi, na soksi zikanilipia kisasi.

"Tangu nimuoe dada yako, kila ukija kuku wanapungua."

"Kuku nakubali. Lakini kindege cha ukubwa wa dole gumba kingenishibisha kona gani?"

"Na hapa ndipo ulipochana..." Akaisogeza karatasi machoni. Kingo za karatasi zilikuwa zimepindukia nje. Imetobolewa kutoka ndani.

Tukainua macho pamoja. Chozi alikuwa kwenye tawi juu ya moto wangu, anasugua mdomo kwenye gome, pamba ikining'inia. Shemeji akapapasa bunduki, ukungu ukashuka. Ulipoinuka, tawi lilikuwa tupu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Utamwambia mkuu?" Sijawahi kumsikia akiniomba kitu.

Nilikwenda, koti nimeazima. Nilieleza vizuri, labda vizuri mno. Kufika mwisho mkia wa chozi ulikuwa umerefuka kidogo. Mkuu akamgeukia shemeji. "Huyu ndiye shahidi wako?"

Sasa shemeji anafuta vumbi kwenye makabati ya vipepeo. Dada anasema kilichomponza ni ule mkia. Mimi nasema ulikuwa mrefu kweli.