Gitaa la Anko Kimo

Anatory hakuwa mtu wa kukaa. Hata akikaa, mguu wake mmoja ulibaki safarini. Dada yake Anastazia alisema kiti chochote alichokalia kaka yake kilistahili kulipwa nauli. Walikuja Guangzhou wakitokea Mwanza, mwaka ule uliofuata Hong Kong kurudishwa kwa wenyewe, kununua jinzi na blauzi kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu. Kazi waligawana vizuri: Anastazia alichagua, alibishana bei, alifunga mzigo. Anatory alisindikiza. Wachina wenye maduka hawakuhitaji kuuliza nani kati yao ndiye laoban, yaani bosi. Walimpa Anastazia kiti, Anatory wakampa mfuko ashike.

Lakini kabla ya jinzi, Anatory alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi. Kisha bendi ikafa, kama bendi zinavyokufa: mwimbaji akaokoka, mpiga besi akahamia Dar pamoja na gitaa la besi ambalo halikuwa lake. Anatory akaingizwa kwenye biashara na dada yake kama mgonjwa anavyoingizwa wodini, kwa mapenzi na bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa mkalimani wao. Nilienda China kusoma diploma, nikaifikisha nusu. Bahati nzuri Kiingereza na Kichina cha sokoni vilikuwa kwenye ile nusu niliyoisoma. Anatory aliniita msomi, na sikuwahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa heshima ndogo kiasi kile.

Mchana mmoja tulikuwa tunamsubiri mtu wa kiwanda kwenye ukumbi wa chini wa hoteli moja karibu na stesheni ya treni. Hoteli ilikuwa imetangaza msimu wa Hawaii. Minazi ya plastiki ilisimamishwa pembeni, wahudumu wamevishwa mashada ya maua ya nailoni, nao kwa nyuso zao ungedhani wamevishwa kama adhabu. Jukwaani aliketi mzee mnene mwenye gitaa, na kando yake msichana na ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne ambacho kwetu ungekinunua umpelekee mtoto akuache ulale.

Mzee akaanza kupiga, na mguu wa Anatory ukasimama.

Alisikia besi. Alisikia rizimu. Juu yake alisikia solo ikitembea taratibu kama mtu asiyedaiwa. Akainuka, akaenda kuchungulia nyuma ya pazia awaone hao wapigaji wengine. Nyuma ya pazia kulikuwa na ufagio.

Tangu hapo hatukuwa na amani. Alinunua gitaa la bei nafuu, akawa analipiga chumbani kwao mtaani Dengfeng, akitafuta vidole vya yule mzee. Kila alipodhani amepata besi, solo ilimponyoka. Akiikamata solo, besi ilikufa. Anastazia, akiwa katikati ya marobota, akamuuliza hilo gitaa limemkosea nini. Mchana alitoroka mzigo akaenda hotelini, akaagiza chai moja akainywa mpaka ikawa ya kihistoria.

Msichana ndiye aliyetuita. Aliitwa Puanani, na mzee alikuwa mjomba wake, Anko Kimo, kwani kwao nao kila mzee ni anko. Alitueleza kwamba kijana aliyekuwa akipiga gitaa la pili alirudi kwao Hawaii, kisiwani Molokai, na anko anatafuta mtu. Hoteli ilimletea vijana wa chuo cha muziki. Walisoma nota bila kupepesa, lakini anko alisema wanapiga kama wanakimbizwa. Huyu rafiki yako anayekunywa chai kwa kijiko, akasema, mlete Jumamosi kabla ya onyesho la alasiri.

Anatory alipiga pasi shati lake, kisha akalipiga tena. Akamwambia dada yake wazi: akipata nafasi ile anabaki, harudi kwenye jinzi. Anastazia akamjibu kwamba kontena linafungwa bandarini Huangpu Jumatatu, na yeye hajawahi kumbembeleza mwanamume, sembuse kaka yake.

Jumamosi tulifika mapema mno. Anko alikuwa jikoni anakula. Gitaa lake lilikuwa limelala kwenye kiti, na hapo ndipo Anatory alipofanya jambo ambalo mtu wa bendi za kwetu tu angelifanya. Ukumbini Mwanza, mgeni kwenye bendi ndiye aliyetyuni magitaa ya wakubwa kabla hawajapanda jukwaani. Mkubwa akikuta uzi umelegea, wewe huna adabu na huna kazi. Basi Anatory akapitisha kidole kwenye nyuzi za Anko Kimo, akakunja uso. Zilikuwa zimelegea, si moja, ni kadhaa. Akalaumu unyevu wa Guangzhou, akalikumbatia gitaa, akazikaza moja moja kwa sikio hadi zikasimama kama askari. Akalirudisha kitini, akafuta mbao kwa leso. Nakiri nilimwona mstaarabu.

Anko Kimo akaja, akatusalimu kwa mkono mzito, akaketi, akaanza wimbo wake. Kilichotoka kilikuwa sauti ya sufuria zinazoanguka ngazini. Akaacha. Akatazama vidole vyake kwanza, masikini, akidhani ni uzee. Kisha akamtazama Anatory, na leso yake.

Puanani akanivuta pembeni. Nyuzi hazikuwa zimelegea, akasema, zimelegezwa. Kwao kila ukoo una namna yake ya kulegeza nyuzi, na ndiyo inayomfanya mtu mmoja asikike watatu. Zamani watu waliwaficha hata majirani. Wengine kabla ya kuliacha gitaa waliziharibu nyuzi makusudi, mgeni asije akaondoka na urithi. Namna hii ilikuwa ya baba yake Anko Kimo.

Nikamtafsiria Anatory.

Mzee akaniambia, "Muulize kama alizisikia kabla hajazikaza."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, nikamwonyesha kwa Kiswahili: sema hukusikia, ulikuwa na haraka. Aliyekuja bila kusikia kitu ni mjinga tu, na wajinga husamehewa. Mimi nimeishi kwa huruma hiyo miaka mingi.

"Mwambie nilizisikia zote," Anatory akasema. "Na naweza kuzirudisha."

"Kaka Anatory, unajitafutia nini?"

"Tafsiri, msomi."

Nikatafsiri. Mzee akampa gitaa. Anatory akazilegeza moja moja, kila uzi akiugusa mara moja tu kisha akiuziba kwa kiganja, kama anayempisha mtu chumbani huku amegeuza uso. Anko Kimo alisikiliza macho yamefumbwa. Mwishoni akalichukua, akapiga ule wimbo kidogo. Ulikuwa mzima. Hakusahihisha uzi hata mmoja, na hilo halikuonekana kumfurahisha.

Wahudumu walikuwa wameanza kupanga vikombe. Mzee akasema gitaa la pili hatampa. Mtu hawezi kupewa kitu alichokwisha kukichukua kwa sikio.

Anatory akaitikia kwa kichwa, akajifunga kifungo cha shati aondoke.

"Mwambie akae," mzee akasema. "Kwetu watu huanza na ukulele. Puanani atamfundisha. Gitaa atalishika siku nitakayomwambia mimi."

"Mwambie mimi nilikuwa solo," Anatory akanong'ona.

Nikamwambia. Mzee akasema amesikia. Ukulele.

Walimtafutia shati la maua lililombana mabegani, wakamketisha nyuma ya msichana. Ukulele ilipotelea kwenye kiganja chake. Dole gumba likaenda juu kutafuta besi, mahali ambapo gitaa huiweka, likakuta uzi mwembamba unaolia kama kinda. Akajaribu tena. Puanani, bila kumtazama, akamsogezea kidole, kisha kingine.

Anastazia akaingia na mfuko wa sampuli begani, akamwangalia kaka yake kwa muda.

"Kaka, Jumatatu Huangpu unakuja au huji?"

"Nenda na msomi."

"Msomi hawezi hata kubeba mfuko."

"Dada, subiri, hapa kwenye wimbo kuna mabadiliko," akasema, macho yakiwa kwenye vidole vya Puanani. Akakosea badiliko lile, akacheka, akalikosea tena. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu kwa nguvu, nje kabisa ya mapigo ya Anko Kimo, na mzee, bila kugeuka, akanyoosha wake nyuma akaukanyaga.