Chupa ya Vifungo Vyeusi

Wapo wanaosema mteja ni mfalme. Hao hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya vitambaa kutwa nzima, miguu imevimba, huku mfalme mwenyewe anakushushisha kila jora kutoka rafu ya juu, analipapasa kwa mikono iliyotoka kushika karanga, kisha anasema "nitarudi" na kutokomea. Mimi nauza nyuzi, zipu na bitana katika duka hilohilo, na nitasema wazi: wateja wetu siwapendi. Lakini hakuna aliyewachukia kwa bidii kama Mkasi.

Mkasi ni jina tulilompa sisi wenzake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa kuitwa bibi, ingawa hakuna aliyethubutu. Mkasi wake wa kazi ulining'inia kiunoni kwa utepe, na ulimi wake ulikata kuushinda. Mteja akijizungushia kitambaa mbele ya kioo na kuuliza kama kimempendeza, Mkasi alimtazama toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

"Kitambaa hakina kosa," alisema. "Tatizo ni kilichomo ndani."

Mwingine akivutavuta hariri, alimwambia, "Mama, hiyo si ng'ombe, haikamuliwi." Wala si watu tu aliowasema. Jora likiwa bovu alilisema hadharani, kwamba likifuliwa mara moja rangi yote itabaki kwenye beseni. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Tajiri, akisikia hivyo mshipa wa shingo ulimsimama.

Wateja wetu wengi ni mafundi cherehani, na mbaya wao ni mmoja tuliyemwita Fundi Sare kwa kuwa anashona sare za shule tu. Ni mwanamke mfupi, mnene, ana tepu ya kupimia shingoni hata akienda msibani. Alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi waligombana. Hakukubali kukatiwa na mtu mwingine yeyote. Mkasi akishamaliza kukata, Fundi Sare alikivuta kitambaa na kukipima upya mbele ya watu, makusudi, huku akisema hana imani na wezi.

"Pima, pima," Mkasi alimjibu. "Siku ukikuta kimepungua, nitalila hilo jora bila chumvi."

Hakukuta kimepungua hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Basi biashara ikalegea, na Tajiri akaenda semina. Sijui nani aliwashauri wenye maduka waende semina. Alirudi na chupa mbili kubwa za kioo. Moja aliiweka mbele ya Mkasi, ya pili mbele ya Asali, muuzaji mwenzake, msichana mwenye meno mazuri anayemwita kila mtu mpenzi na ambaye angeweza kumuuzia kipofu kioo. Katikati ya kaunta akaweka bakuli la vifungo kutoka stoo yetu wenyewe, vyeupe na vyeusi vimechanganywa. Mteja aliyehudumiwa vizuri atie cheupe kwenye chupa ya aliyemhudumia. Aliyeudhiwa atie cheusi. Mwisho wa mwezi, ambaye chupa yake ni nyeusi zaidi anaaga kazi, maana duka halina tena haja ya wauzaji wawili.

Asali alipiga makofi. Mkasi alikaza utepe kiunoni, nami nikaingiwa na hofu kwa sababu nyumbani kwake nakujua. Mumewe alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka, na tangu hapo hawezi kuketi bila kushikwa. Binti yake ameachika, karudi na mapacha. Wote hao wanakula kwa mkasi ule. Na akifukuzwa kwetu aende wapi? Mtaa mzima hakuna mwenye duka la vitambaa ambaye Mkasi hajawahi kumtukana.

Alijaribu kubadilika, msidhani hakujaribu. Asubuhi ya kwanza alimchekea mteja, na mteja akamuuliza kama jino linamuuma. Kesho yake akarudi kwenye ukali wake, lakini ukali wa kupunguzwa, kama mtu anayetafuna huku akiogopa kujiuma ulimi. Nilisikia kwa masikio yangu mafundi wakimshukuru kwa kuwaepusha na jora bovu. Hata hivyo chupa yake ikazidi kuwa nyeusi siku hadi siku, na ya Asali ikazidi kuwa nyeupe. Mkasi aliitazama ile chupa kila alipokunja kitambaa. Jioni moja akaniuliza, sauti imeshuka, "Kwani mimi ni mbaya kiasi hiki?" Nikamwambia ndiyo, wewe ni mbaya, lakini si kiasi hiki.

Siku ya mwisho ya mwezi duka lilifurika, na Tajiri mwenyewe alisimama kando ya kaunta akizisubiri chupa. Fundi Sare alinunua kitambaa chake, akapima, akatukana, akatukanwa, kisha akapeleka mkono bakulini. Alipoutoa, Mkasi akamdaka kifundo cha mkono.

"Fungua kiganja."

"Niachie! Umelewa?"

"Fungua kiganja, wewe mama!"

Kikafunguka. Kilijaa vifungo vyeupe vya shati, na kwenye ncha za vidole kilibanwa kimoja cheusi, tayari kwenda chupani.

Watu wakaguna. Fundi Sare hakuona haya hata chembe. "Kwani ni mimi peke yangu? Waulize na hawa! Unaweka bakuli la vifungo mbele ya mafundi, unategemea nini? Nimeshona mashati mwezi mzima bila kununua kifungo. Hivyo vyeusi ni vya makoti, nani anavitaka?"

Mafundi wengine wakaanza kuchunguza dari. Mmoja alikwishafika mlangoni. Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanichemka. Wateja wa Asali ni akina mama wanaojinunulia kitambaa cha gauni, kifungo hakina kazi kwao. Wateja wa Mkasi ni mafundi. Kila mmoja alichota vyeupe vya kwenda navyo, na ili asionekane ametia mkono bakulini bure, akaangusha cheusi.

"Tajiri, umeona?" nikapaza sauti. "Hawakumchukia. Walikuwa wanaiba!"

"Wanamchukia pia," akasema Asali.

Mkasi bado ameushika ule mkono. "Mwizi," alimwambia Fundi Sare usoni. "Siku zote unanipima mimi, kumbe mwizi ni wewe."

"Chukua! Chukua vifungo vyako!" Fundi Sare akamtupia vyote. Vikamchapa Mkasi usoni, vikaruka, vikatawanyika sakafuni hadi chini ya viti na kati ya miguu ya watu.

Tajiri alitazama sakafu, akatazama chupa. Alijua fika kwamba mpango wake umemfia mkononi, lakini bosi gani anakiri kosa mbele ya wateja?

"Basi, yaishe," alisema. "Vilivyo chini ni vyako. Okota, tia kwenye chupa yako, ubaki kazini na mwenzako. Hapahapa, watu wakiona."

"Mtaka cha mvunguni..." Asali akaanza.

"Sharti ainame!" wateja wakamalizia kwa pamoja, na kicheko kikapanda.

Nilimsubiri Mkasi afungue utepe kiunoni, autupe mkasi mezani na kutuachia duka letu. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Badala yake alishika ukingo wa kaunta, akapiga magoti, akaanza kuokota. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja aliendelea kupapasa kitambaa juu ya kichwa chake kama vile chini hapana mtu. Nikatoka kwenye kaunta yangu nimsaidie.

"Rudi kwenye nyuzi zako," aliniambia bila kuinua uso.

Kifungo cha mwisho kilikuwa chini ya kiatu cha Fundi Sare. Mkasi alisubiri pale chini. Fundi Sare naye alisubiri, kidevu juu.

"Naomba mguu wako, mama," Mkasi akasema.

Sijawahi kumsikia akitamka neno "naomba". Fundi Sare alikawia, kisha akainua mguu. Mkasi akaokota, akainuka kwa shida, akavimimina vyote chupani. Tajiri akaitikisa chupa mara moja, akasema, "Haya, kazini," akaingia zake ofisini.

Mkasi alijipangusa magoti. Akamgeukia Fundi Sare, akaonyesha meno yote kama Asali.

"Kuna kingine nikukatie leo, mpenzi?"

Fundi Sare alimkodolea macho. Nilidhani atacheka, maana ushindi ulikuwa wake. Badala yake aliukunja uso kama aliyetukaniwa mama yake, akakiacha kitambaa chake juu ya kaunta, akatoka, na hadi leo hajarudi dukani kwetu.