Mvua za Juu ya Wastani

Mume wangu Juvenali anajua mawingu. Hilo nalisema kwanza, maana watu wa hapa kijijini Kirushya siku hizi wanamcheka, na mimi sipendi. Mawingu membamba ya juu kabisa, yale kama pamba iliyochambuliwa, anasema hayana kitu, wewe anika tu. Wingu linalolala kama blanketi la kijivu huleta manyunyu ya kuchosha, hayajazi hata ndoo. Lakini ukiona limepanda kama kichuguu upande wa Biharamulo, tumbo lake jeusi, kusanya vyako ukimbie. Kwa mawingu hajawahi kukosea.

Kiswahili nacho alijivunia. Wakati wa wakimbizi alikuwa mlinzi wa ghala kule kambini Lukole, akakaa na watu wa kila namna, akarudi anaongea kama karani. Kwa hiyo kwenye jumuiya yetu, sala ikiisha, yeye ndiye aliyewaeleza wazee kwa Kihangaza redio imesema nini kuhusu hali ya hewa. Alivaa koti kabisa. Mimi nilikaa mbele, nikajiona mke wa mtu.

Vuli iliyopita, maharage yakikaribia kukomaa, redio ikasema mkoa wetu utapata mvua za juu ya wastani. Juvenali akafikiri. Wastani ni katikati, nani hajui? Basi mvua za juu ya wastani ni zile za juu ya katikati ya mbingu, kwenye mawingu yake ya pamba, yasiyodondosha kitu. Akawaambia watu mwaka huu mvua itabaki hukohuko juu, wang'oe maharage wayaache shambani yakauke vizuri, wasihangaike kuyabeba.

Kezia alimsikiliza kuliko wote. Ni mjane, shamba lake limepakana na migomba yetu, hana wa kumbebea. Akang'oa yote, akayalaza chini. Kichuguu cheusi kilipopanda Juvenali alikiona, akapiga kelele, lakini mvua haingoji mjane. Ilinyesha siku baada ya siku, maharage yakaota ndani ya maganda. Hata mbegu hakubaki nayo. Yetu yaliwahi kukomaa, yalikuwa ghalani tayari, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Watu hawakumlaumu. Walilaumu redio. Kezia mwenyewe alikuja kumpa pole. "Baba Niyomugabo," alimwambia kwa jina la mwanetu, "usijisumbue moyo. Redio imetudanganya sote."

Mkamwana wetu Priscila ndiye aliyetufungua macho. Alikuwa uani anamenya ndizi, sisi tunaisema redio, akasema polepole, macho yake kwenye kisu, "Baba, juu ya wastani maana yake ni nyingi kupita kawaida."

Juvenali akaweka kikombe chini. Hakuuliza mara mbili.

Nikamwambia Juvenali anyamaze. Redio haina uso, nikasema, acha ibebe lawama. Akanyamaza. Lakini koti hakuvaa tena, na sala ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka, akisingizia mbuzi.

Ikaja habari ya masika: mvua chini ya wastani, na zitawahi kukatika. Safari hii tulimuuliza Priscila. Akasema ni chache, inafaa kupanda mapema, mbegu za muda mfupi. Kwenye jumuiya Kezia akasema yeye hapandi mpaka mvua ikolee, na mtu asimtajie redio. Wengi wakaitikia. Nikamwona Juvenali anashika ukuta, anainuka. Nikamvuta shati. Akautoa mkono wangu.

"Redio haikudanganya," alisema. "Ilisema mvua nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa silijui neno, nikaona haya kuuliza. Kezia, mama, zamu hii ni chache. Panda mapema."

Faustini, yule asiyeweza kukaa na mdomo wake, akasema, "Kumbe kule Lukole ulilinda magunia tu, Kiswahili kikakupita getini."

Watu wakacheka. Kezia hakucheka. Aliniangalia mimi, siyo yeye, akauliza kama nilijua. Sijawahi kuinamisha kichwa kwa mtu, hata kwa mama mkwe wangu. Siku ile niliangalia miguu yangu.

Kesho yake Juvenali alijaza kikapu mbegu za maharage kutoka ghalani kwetu. Nilitaka kibebwe na Priscila, akakataa. Akajitwika mwenyewe kichwani, mwanaume mzima, njia nzima watu wanamtazama.

Kezia alipokea. Alimimina mbegu kwenye ungo wake palepale mlangoni, akamrudishia kikapu. Kwetu kikapu cha jirani hakirudi kitupu. Utaweka hata ndizi moja, hata kiazi.

Juvenali akakileta mbele yangu, akasema, "Amepokea. Atapanda."

Nikachungulia ndani. Nikakikung'uta kana kwamba kina vumbi, nikakitundika ukutani.