Chai Kavu na Gauni la Sare

Mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa, na sisi mama zake wadogo tulinunua kitambaa kimoja cha sare. Asiyevaa sare harusini hujiona mgeni katika ukoo wake mwenyewe. Nami, kwa kiburi changu, sikukubali kupimwa. Nilimpelekea fundi gauni langu la zamani, la kabla sijanenepa, nikamwambia afuate lile lile. Yeye ashone, kupungua aniachie mimi.

Basi nikenda Mlandege kununua majani ya chai ya kijani. Muuzaji, mwenye kitambi cha kuwatosha watu wawili, akaniambia nisiyachemshe hata kidogo: niyamwagie maji ya moto, nifunike, ningoje. Kwenye simu nikamwona bibi mmoja anasema hapana, yalowekwe kwenye maji baridi usiku kucha, ndipo mafuta ya mwilini yanapokimbia. Mama yangu, ninayeishi naye Michenzani, naye alikuwa na lake.

"Chai isotokota si chai," alisema. "Hayo ni maji ulooshea majani."

Nikaona nisimkatalie mtu. Asubuhi nikawa nakunywa ya kulowekwa, mchana ya kumwagiwa, jioni ya kutokota, chungu ya kukunja uso mpaka masikio yakasogea. Sukari sikutia hata chembe, na nilijisifu kwa hilo mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza.

Tatizo, kwetu mtu hanywi chai kavu. Kikombe bila kitafunio ni aibu ya mwenye nyumba. Kila nikishika kikombe, mama huweka sahani: vitumbua asubuhi, mkate wa ufuta mchana, chapati jioni. Nikisema sitaki, hununa. Nikawa natafuna kwa adabu tu, na kwa vile chai ilikuwa chungu, vitumbua vilinoga kuliko siku zote. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kikombe kimoja, cha asubuhi.

Gauni lilipofika, liliishia mbavuni. Nikakaa kitandani nikalia kweli kweli, maana harusi ilikuwa kesho yake, na nilishajiona nimesimama pembeni ya dada zangu kwenye picha, na gauni la rangi nyingine. Mama akalichukua, akalipindua, akaanza kufumua ubavuni. Ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, tele.

"Nlimwambia fundi aache akiba," alisema. "Nnakujua."

Nikafuta machozi kwa upande wa kanga. "Sasa mama, kwa nini ukaniacha nkateseka na machungu yote yale?"

Akaukata uzi kwa meno, akatia mwengine kwenye sindano.

"Nani alokuacha uteseke? Kila kikombe nlikupa cha kutafunia."