Viatu vya Taa Ndani ya Kilindo

Kila mwaka, kiangazi kikikolea, dada yangu Kalunde, mtoto wa mama mdogo, hunitumia michembe kwa treni kutoka Igalula. Nikifungua tu mdomo wa mfuko, ile harufu ya viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani hunipanda puani, na mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, huzama hadi chini kabisa kutafuta viatu. Mimi ni mtu mzima, nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tabora mjini, lakini mkono haujui hilo. Ngoja niwaeleze, maana sioni aibu tena.

Nililelewa Igalula na babu na bibi wazaa mama. Wazazi wangu walilima tumbaku mbali, upande wa Usinge, na shule ilikuwa karibu zaidi kwa Babu. Kwetu, kama mjuavyo, babu na mjukuu ni watani. Babu aliniita mke wangu, na Bibi, kwa kuwa mume ni mmoja, aliniita mke mwenza.

"Mke mwenza, umelala mpaka jua linakuchoma! Mume nimpikie mimi, nimnawishe mimi?" alikuwa akisema, nami nainuka nimebinua midomo kama mke kweli.

Kazi yangu ilikuwa kumnawisha Babu mikono kabla ya kula. Ujira wangu ulikuwa tonge la mwisho. Alilibonyeza kwa dole gumba, akalijaza mboga, akaniwekea kinywani mbele ya wote. Tonge lenyewe halikuwa kubwa, lakini nilikuwa na miaka minane na sikuwa na mali nyingine.

Kisha mama mdogo akafariki kule Nzega, na mjomba akamleta binti wa marehemu akae nasi. Kalunde alinizidi mwaka mmoja. Alikuja na begi dogo na viatu ambavyo Igalula hatukuwa tumewahi kuviona: vyeupe, na kila akikanyaga, kisigino kiliwaka taa nyekundu. Watoto walimfuata hadi kisimani. Mimi pia nilivitamani, sitasema uongo.

Siku ya tatu Babu akamwambia, "Njoo uninawishe, mke wangu mdogo." Kalunde akamwaga maji taratibu, bila kurusha hata tone. Tonge la mwisho likaenda kwake.

Mchana huohuo, Kalunde akiwa kisimani pekupeku, nilivibeba viatu vyake nikavifukia ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti ambamo Bibi alihifadhi michembe. Kimoja kikawaka taa humo ndani. Nilikitupia michembe upesi upesi.

Viatu vikatafutwa kila pembe. Kalunde hakulia. Alisema tu, "Basi, Bibi, vilikuwa vinanibana."

Bibi hakuwa mjinga. Alinitazama mara moja akajua ni mimi, ila hakujua kwa nini. Alidhani ni kijicho. Mtoto ametamani viatu, akamwambia Babu, basi apewe viatu mambo yaishe. Siku ya mnada Babu akarudi na jozi mbili za viatu vya taa, zinazofanana kabisa, yangu na ya Kalunde.

Nikavaa. Nikatembea kutoka mlangoni hadi jikoni, taa zikawaka vizuri tu. Kisha nikakaa chini nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

"Sasa unalia nini? Si ndivyo ulivyotaka?" Babu aliuliza.

Bibi alikuwa akipepeta karanga. Akaweka ungo chini. "Mzee, tumempa dawa ya ugonjwa mwingine. Huyu hataki viatu. Anamlilia mumewe."

Babu alicheka hadi akakohoa, akaona sicheki, naye akanyamaza. Tangu siku hiyo mmoja wetu alishika jagi na mwingine beseni, na matonge ya mwisho yakawa mawili. Nilikubali, ingawa kwa wiki nzima nilipima kwa macho lipi kubwa. Vile viatu vya kwanza Bibi alivikuta michembe ilipopungua. Alivikung'uta, akampa mwenyewe, hakuuliza swali.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nijiamini darasani. Nikiandika ubaoni envy na jealousy, wanafunzi hujibu kwa pamoja kwamba yote ni wivu. Nawaambia hapana. Envy ni kijicho: unakitaka cha mwenzako, na ukipewa kinachofanana nacho unapoa. Jealousy ndio wivu hasa: unaogopa kunyang'anywa kilicho chako, na hata ukipewa duka zima la viatu hupoi. Kisha nawasimulia habari za kilindo, wanacheka, na hakuna anayesahau.

Mwaka juzi tulimzika Bibi. Baada ya matanga nilikaa na Kalunde uani tukichambua michembe, nikaona ni wakati wa kumwomba radhi kwa vile viatu. Akacheka.

"Mke mwenza, niliviona kesho yake tu. Bibi alinituma michembe, mkono ukavigusa. Nikavifukia tena."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, pangekuwa na ugomvi. Na ugomvi ukizuka, anayeondoshwa ni mgeni. Wewe ulikuwa kwenu. Mimi ningepelekwa wapi?" Aliendelea kuchambua. "Ila kijicho nilikuonea, wee! Si cha tonge. Mama yako akija kutoka Usinge, mimi nilikuwa nakwenda kukaa nyuma ya jiko, nisione akikukumbatia."

Miaka yote nimefundisha kwamba kijicho hupoa ukipewa kinachofanana, na sikuwahi kujiuliza Babu angekwenda mnada gani kumtafutia Kalunde mama. Sentensi hiyo siku hizi siifundishi.

Nilikuwa na mama, nilikuwa na Babu, nilikuwa na tonge langu, na bado ni mimi niliyeficha viatu. Yeye aliyefiwa ndiye aliyenifichia siri.