Bidoni ya Kumi

Ssssss. Niliisikia sauti kabla sijaona chochote, sauti nyembamba kama ya mtu anayevuta hewa kwenye pengo la jino, na wakati huo nilikuwa nimeupa ukuta mgongo, mikono iko hewani, nawaeleza watu waliovaa vizuri habari za mwanamume mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa. Aibu hii nimeibeba vya kutosha, leo naitua hapa mbele yenu. Chekeni mnavyotaka, nami nitacheka pamoja nanyi, ila mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu yupo aliyeumia siku ile na si mimi.

Rafiki yangu Evariste ni Mrundi, fundi wa sanamu, na tunaishi mtaa mmoja kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda (mimi ni Mkongomani wa upande wa Uvira, ninaandika riwaya, na kama hamjazisoma ni kwa sababu bado hazijachapishwa, jambo ambalo naliona ni hasara yenu). Evariste hachongi mti wala jiwe. Anachukua bidoni kuukuu, haya madumu ya manjano tunayochotea maji, anaipasha moto kwenye makaa mpaka plastiki inalegea, kisha anaingiza mpini wa mwiko na kuisukuma kutoka ndani, pole pole, mpaka bega linatokea, au shavu, au tumbo la mama mjamzito. Alifanya hivyo miezi mingi, bidoni tisa za watu tisa wa mtaani, kisha kwenye maonyesho akazipanga mstari mmoja mbele ya bomba kavu, zikigusana, kama zinavyopangwa kwetu kila asubuhi.

Maana kwetu mtu hasimami kwenye foleni ya maji, bidoni yake ndiyo inasimama. Unaiweka nyuma ya iliyotangulia, unaenda zako shambani au kupika uji, na wenzako wanaisogeza kila mstari unaposogea, ukirudi unaikuta imefika pale inapostahili kufika. Na juu ya kila bidoni, ukutani, ilining'inia picha ya mwenye nayo. Picha hizo alizipiga Ima, binti wa Ruharo, mtaa wa Mbarara mjini, mwenye studio ndogo ya picha za paspoti na harusi, aliyekuja Nakivale siku moja kwa shughuli ya ubatizo na hakuacha kurudi. Bidoni ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama yake Evariste, imeinama kidogo bega la kushoto kama alivyoinama mwenyewe, na juu yake yupo anacheka bombani, picha ya mwisho aliyopigwa kabla hatujamzika.

Maonyesho yalifanyika Mbarara, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi uliowahi kuwa ghala, wenye paa la mabati. Alikuwa anakuja mama mmoja kutoka Kampala, kila mtu akimwita Madamu tu, na Madamu alikuwa achague kazi moja ya kwenda nayo kwenye jumba lao la sanaa, pamoja na fundi mwenyewe, apewe chumba cha kufanyia kazi mwaka mzima. Mwaka mzima, fikirieni, kwa mtu anayepasha plastiki nyuma ya jiko la jirani. Evariste alisali novena mbili. Na kwa sababu mbele ya watu ulimi wake unakuwa mzito, aliniomba mimi nimsemee. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Sasa, kasiksi. Mama yangu anatengeneza pombe ya ndizi ambayo hata waliookoka wanaiulizia kwa jina la juisi, akanijazia bidoni moja niwapelekee wenzangu tufurahi baada ya shughuli. Aliniambia waziwazi: «Furaha, usikaze sana kifuniko. Hii kasiksi iko inapumua bado.» Lakini mimi nilikuwa na gauni jeupe, lililopigwa pasi mara mbili, na safari ya pikipiki kwenye vumbi na mashimo mpaka barabara kuu, bidoni mapajani. Nikafunga kipande cha nailoni kwenye mdomo wake, nikakaza kifuniko kwa mikono miwili mpaka kiganja kikauma. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo hivyo.

Nilifika nimechelewa, wageni wako mlangoni, Ima ananipungia mkono niharakishe, na mimi nasimama katikati ya ukumbi safi nina bidoni mkononi kama mtu aliyekosea nyumba. Nikaziona tisa zimepangwa. Naapa sikufikiri. Mtu akikulia Nakivale, akaona bidoni ziko kwenye mstari na yeye ana yake mkononi, mkono unafanya kazi bila kumwuliza mwenyewe. Niliiweka mwisho. Hata niliisukuma kidogo kwa mguu iguse ya tisa, mtu asije akaingia katikati.

Kisha niliongea. Jamani, niliongea. Nilisema juu ya manjano ya plastiki na manjano ya alfajiri, juu ya maji na subira, nikaona watu wanatikisa vichwa kukubali, nikazidi, na kwa kuwa nilianza na bidoni zile kwa ujumla sikusimama kwenye hata moja. Madamu alitembea pole pole kando ya mstari, akipita, akipita, mpaka mwisho. Hapo akasimama.

«Sasa hii ya kumi,» akasema, «mwenye yake iko wapi? Picha sioni.»

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea. Ningesema, samahani Madamu, hiyo ni pombe ya mama yangu. Watu wangecheka, ningeitoa, basi. Lakini mwandishi akiulizwa swali zuri mbele ya watu huwa hatazami milango.

«Hana picha,» nikasema, sauti nimeishusha. «Anaitwa Sadiki.»

Nikawapa Sadiki. Alitoka Fizi kwa miguu, akiwatafuta watoto wake wawili, kila asubuhi anapanga bidoni kisha anakwenda kuuliza kwa kila basi la wageni wapya, na asubuhi moja alipanga akaenda hakurudi, na mpaka leo majirani wanaisogeza bidoni yake, hakuna anayethubutu kuitoa. Madamu akatoa leso. Bibi mmoja nyuma akaguna kwa huruma. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga (nilimpenda Sadiki, nawaambia ukweli). Ima aliishusha kamera yake. Na Evariste, kando ya ukuta, alinitazama kama mtu anayemwona rafiki yake akiingia nyumbani kwake kupitia dirishani.

Joto la mabati lilikuwa limefanya kazi yake. Madamu aliweka kiganja juu ya bidoni, akashtuka kidogo, akawaambia wenzake kwamba ina joto, tena imetuna, ni kama inapumua. Watu wakasogea kuona ufundi huo. Akasema ameamua, foleni hii inakwenda Kampala, kwa sababu ya Sadiki. Nikaugeukia umati, nikainua mikono, nikaanza kushukuru kwa niaba ya Sadiki, na ndipo nikaisikia: ssssss.

Kifuniko kiligonga bati kama risasi. Kasiksi ilipanda yote, ikashuka yote, juu ya gauni jeupe, juu ya nywele zangu, juu ya viatu vya Madamu, na bidoni ikaruka nyuma ikaipiga ya tisa, ya tisa ikaipiga ya nane, zikaangushana mstari mzima, tok tok tok, mpaka ya kwanza ikabingirika sakafuni na kutulia miguuni pa Evariste. Ukumbi ukanuka harusi. Madamu alilamba mdomo wake, akafikiri, akasema kwa upole, «Lakini hii si tonto, pombe yetu ya ndizi?»

Nikaungama. Gauni linanata mwilini, kipande cha nailoni kiko mkononi mwangu (sijui nilikiokota saa ngapi), nikasema yote: mama, kifuniko, foleni, Sadiki. Wengine walicheka, na Ima, kwa mazoea ya harusi, akapiga picha. Evariste hakucheka. Aliiokota bidoni ya kwanza, akaifuta kwa shati lake.

«Dada Furaha,» akasema, «Madamu amempita mama yangu bila kusimama, akaenda kumlilia mtu ambaye hayupo. Na wewe ndiye uliyemwonyesha njia.»

Nikasogea ukutani, nikamwachia nafasi. Mimi.

Madamu akamwomba Evariste aanze upya, kwa mdomo wake. Akaanza. Alikwama, akarudia, akakwama tena, lakini alizisimamisha moja moja akitaja jina na kazi na alama ya kila mmoja, huyu hufunga kitambaa chekundu, huyu huziba kwa gunzi la mahindi, na Madamu akasimama kwenye kila moja na viatu vyake vya pombe. Kwa mama yake Evariste alisimama muda mrefu zaidi. Akachukua tisa.

Mimi naendelea kuandika, na kwa majivuno yaleyale, msidhani nimebadilika sana. Lakini nimeapa mambo mawili: sitakaza tena kifuniko cha kitu ambacho bado kinapumua, na sitamweka mtu wa kubuni kwenye foleni ya watu walioamka alfajiri kuipanga.

Siku ya kwenda Kampala, Evariste alipita kwangu asubuhi, begi liko begani. Aliweka sakafuni bidoni ya mama yangu, imeoshwa inang'aa, na kwenye mshikio amefunga kwa uzi ile picha ya Ima: mimi, nimelowa, mdomo wazi.

«Kule Kampala nitaacha nafasi nyuma ya ya tisa,» akasema. «Siku ukiileta, uje na habari zako mwenyewe.»

Nikataka kujibu kitu kizuri. Akainama, maana mlango wangu ni mfupi, akatoka, akaufunga.